Jumatano Isiyo Kwenye Kadi

Mwanamke akifikia kuhesabu siku za miadi ya mchumba wake, ujue usingizi umemhama zamani. Fundi alikuwa amezihesabu, tena mara mbili. Kadi ya kliniki aliishika kwa mkono wake mwenyewe na kuisoma mbele na nyuma: mazoezi ya mkono, Jumanne na Ijumaa, saa tatu asubuhi. Jumatano haikuwepo. Sasa mbona kila Jumatano simu ya Sumaku ilikuwa inazimwa saa nne, inawashwa saa sita, na akiulizwa alikuwa wapi anajibu kwamba alikuwa "kwenye mambo ya mkono"? Mkono gani huo usiojua kusoma kadi?

Basi Jumanne hiyo alifunga chumba chake cha kushonea, akaacha sare za shule kumi na mbili hazina vifungo, akamfuata mchumba wake kwao.

"Leo nakusindikiza," alimwambia.

Sumaku alikuwa anahangaika kufunga kiatu kwa mkono mmoja. Akanyanyua uso. "Kliniki? Kuna haja gani, Fundi? Una kazi."

"Haja ninayo mimi. Kazi itanisubiri."

"Ni mazoezi tu. Utachoka kukaa."

"Nitachoka nikiwa nimekaa, si vibaya."

Akainama kumfunga kile kiatu, na huko chini alikoinama alijiambia moyoni: ameshtuka. Mtu asiye na la kuficha hashtuki kusindikizwa.

Usimcheke. Ungekuwa na kaka kama wake, hata kivuli chako ungekitilia shaka. Kaka yake walimwita Radi, mshambuliaji, namba tisa, na tangu baba yao afariki miaka sita nyuma, Mama alikuwa ameweka sheria yake: neno la Radi ndilo neno la baba. Asipotaka yeye, ndoa hakuna. Na Radi hakumtaka Sumaku tangu mwanzo, ingawa walicheza timu moja, mmoja akifunga mabao huku, mwenzake akiyazuia kule. Halafu miezi miwili iliyopita, ghafla bin vuu, siku moja tu baada ya mechi waliyofungwa kwa penalti, Radi akaja mezani na kusema, "Mama, huyu Sumaku namwona ni mtu mzuri. Mimi sina neno." Fundi alifurahi usiku kucha. Wiki tatu zilizopita, Radi akiwa ameshahamia timu kubwa, akageuka tena.

"Golikipa asiye na mkono ni kinyozi kipofu," alisema, mdomo umejaa chakula. "Na angalia kidole chenyewe kilichomfia. Cha pete. Hapo Mungu hajakuandikia barua tu, dada yangu, ameipiga na muhuri."

Mama alicheka. Kisha akaacha kucheka, akasema, "Lakini mwanangu ana hoja."

"Mbona ulimkubali?" Fundi alimuuliza kaka yake.

"Sikuwa namjua. Yule jamaa ana siri. Hapafuki moshi pasipo moto."

Neno hilo ndilo lililomkalia kooni. Radi kajua nini? Kaona nini huko nje ambacho yeye, kila siku na cherehani yake, hakukiona?

Na siyo kwamba hakuwahi kudanganywa na Sumaku. Alidanganywa siku za mwanzo, akapenda. Walikutana kwa sababu ya glavu: golikipa alimletea glavu imechanika, akaishona. Wiki ya pili akaleta nyingine. Ya tatu ilikuja imefunguka kiganjani, na Fundi alipoigeuza kwenye mwanga aliona kingo zake ni safi, zimenyooka. Nguo iliyochanika huacha nyuzi nje. Ile ilikatwa kwa wembe. Akamtazama yule kijana mrefu aliyesimama mlangoni akijifanya kusoma bei ukutani, akamwambia, "Wembe wako mkali." Sumaku alicheka mpaka akaegemea mlango, akasema, "Nimekosa sababu nyingine ya kuja." Tangu siku hiyo Fundi alikuwa wake. Lakini mtu aliyekudanganya kwa utamu anaweza pia kukudanganya kwa uchungu, na hilo alikuwa analifikiria njia nzima kwenda kliniki.

Chumba cha mazoezi kilikuwa na meza moja ndefu iliyofunikwa taulo. Juu yake palikuwa na beseni la mchanga, vibanio vya nguo, sponji zilizokatwa vipande na mbao yenye bolti za kufungua na kufunga. Mwashi mmoja mwenye dole gumba lililopondwa na tofali alikuwa ameketi upande wa pili, anahamisha vibanio kutoka kamba moja kwenda nyingine kwa uvumilivu mkubwa.

Akaja mwenye chumba. Wagonjwa walimwita Bi Vidole, kwa kuwa hakuwa anauliza hali ya mtu, anauliza hali ya vidole. Fundi alikuwa ameomba awe mtu mzima, mnene, ana miwani. Hakuwa hivyo. Alikuwa mzuri. Shingo ndefu, macho makubwa, na alitembea kama mtu ambaye viatu vyake havijawahi kumuuma.

"Sumaku, umechelewa dakika nne," Bi Vidole alisema, akamgeukia Fundi. "Wewe ni nani wake?"

"Mchumba wake."

"Afadhali. Kumbe ana mtu. Sasa utanisaidia kumzuia asishike vitu. Wiki iliyopita kaja hapa amebeba ndoo."

"Haikuwa na maji," Sumaku alijitetea.

"Ndoo ni ndoo. Leta mkono."

Fundi alikuwa anawapima. Aliangalia macho ya yule mwanamke, kama yanakaa usoni kwa Sumaku zaidi ya inavyotakiwa. Hayakukaa. Aliangalia ya Sumaku, nayo yalikuwa dirishani. Bi Vidole alilifungua lile banzi la plastiki lililofunika mkono kwa nyuma, akauweka mkono juu ya taulo kama muuza duka anavyoweka bidhaa, na hapo wivu wa Fundi ukapata kazi nyingine. Kwa wiki sita alikuwa ameuona mkono huo umefungwa tu. Sasa ulikuwa wazi. Kidole cha pete kilikuwa chembamba kuliko wenzake, kimepauka, na kovu lilishuka kutoka karibu na ncha mpaka katikati ya kiganja, likienda zigizaga kama mshono wa lastiki. Mikono ile ndiyo iliyompa jina. Watu walisema mpira ukiiona unanasa wenyewe. 

"Leo ni wiki ya sita," Bi Vidole alisema. "Mpaka Ijumaa iliyopita mimi ndiye niliyekuwa nakikunja. Leo unajaribu mwenyewe. Nakishika hapa katikati, hakitoki. Wewe kunja ncha tu. Taratibu. Usilazimishe."

Sumaku akavuta pumzi. Paji lake likatoa jasho. Fundi aliona misuli ya mkono ikicheza chini ya ngozi mpaka karibu na kiwiko, aliona vidole vingine vitatu vikitaka kusaidia, lakini ile ncha ilibaki vile vile, imenyooka, haina habari.

"Tena."

Ikabaki vile vile.

"Pumzika," Bi Vidole alisema, na sauti yake kwa mara ya kwanza ikawa laini. "Usivunjike moyo. Kuna wanaoanza wiki ya nane. Ila sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na daktari wa mifupa alikwambia mapema: kano likishang'oka linarudi kiganjani, na likikaa huko siku kumi na sita, kulivuta mpaka kwenye mfupa wake ni kazi. Ungekuja wiki ya kwanza tungekuwa tunaongea mengine leo."

"Siku kumi na sita?" Fundi aliuliza.

Sumaku aligeuka haraka. "Fundi..."

"Uliniambia kulikuwa na foleni ya upasuaji."

"Foleni?" Bi Vidole alikuwa anajaza beseni la maji ya vuguvugu, hakuona nyuso zao. "Kidole cha jezi hakipangi foleni hapa, dada. Kikifika, kinaingia. Tatizo hakikufika."

"Kidole cha nini?"

"Cha jezi. Ndivyo tunavyokiita. Mchezaji anamkamata mwenzake jezi, mwenzake anachomoka kwa nguvu, vidole vyote vinaachia, hiki cha pete kinabaki kimenasa kwenye kitambaa. Kitambaa kinakwenda, kidole kinabaki, kano linang'oka. Nimewaona wengi."

Maneno yalimwingia Fundi moja moja.

"Yeye alikuwa anadaka penalti," alisema polepole. "Aliniambia mpira ulimgonga hapo."

Bi Vidole akafunga bomba. Akamtazama Fundi, akamtazama Sumaku, na akaonekana kama mtu aliyekanyaga mahali pasipo na ngazi. "Mpira mara nyingi unakisukuma kidole nyuma," alisema kwa uangalifu. "Lakini mimi naona mikono tu. Maneno ni ya kwenu. Sumaku, tumbukiza mkono, dakika kumi."

Mwashi alikuwa ameacha vibanio vyake, anasikiliza kwa masikio yote mawili.

Dakika kumi hizo zilikuwa ndefu kwa Fundi kuliko wiki sita zote. Golikipa anasimama langoni kwake. Hakimbizani na watu. Jezi ya nani ataishika langoni, na lini, mbele ya watu wote, asionekane? Kwa hiyo haikuwa jezi. Kitambaa ni kitambaa. Gauni nalo ni kitambaa. Mwanamke aliyekasirika anaondoka, mwanamume anamkamata nguo kumzuia, mwanamke anachomoka. Fundi aliiona picha nzima, hata rangi ya gauni aliiona, ya zambarau, na akamchukia mtu ambaye hakumjua hata jina.

Walipotoka nje, Sumaku alitaka kupita moja kwa moja. Fundi akakaa kwenye benchi la korido, chini ya tangazo la kunawa mikono.

"Kaa," alisema.

Akakaa.

"Nguo ya nani?"

"Nguo gani?"

"Usinizungushe. Mimi nashona, najua nguo inavyovutwa. Ulishika nguo ya mtu, mtu huyo akakuponyoka. Nataka jina."

"Fundi, naomba uniamini tu."

"Niamini ni neno la mtu aliyeishiwa na maneno. Ni nani?"

"Si mwanamke, kama ndiko unakoelekea."

"Kama si mwanamke, taja. Mwanaume hatajwi?"

Sumaku alikuwa anatazama banzi lake, anavuta mkanda wake na kuubandika tena. "Nimeapa," alisema.

"Umeapa. Kwa nani?"

Sumaku akaubandua mkanda tena.

"Na Jumatano? Saa nne mpaka saa sita, simu imezimwa. Unakwenda kwa huyo huyo uliyemwapia?"

Sumaku aliinamisha kichwa, na Fundi akajua ndiyo. Mtu mmoja, basi. Siri moja, kiapo kimoja, Jumatano moja kila wiki. Akataka kunyanyuka aende zake. Kilichomzuia ni kile kidogo alichokuwa anakijua kuliko daktari yeyote: kitambaa kikivutwa hivyo, hakiwezi kubaki salama. Kama kano la mtu mzima limeng'oka mfupani, basi huko kwa mwenzake mshono haukupona. Na nguo zilizochanika mtaani kwao zote zilikuwa zinapita kwake.

Jumamosi ya mechi. Yeye hakwenda uwanjani, alikuwa na sare za kumaliza. Nani alileta nguo jioni ile?

Akakumbuka. Ilikuja kwenye mfuko mweusi, imekunjwa ndani nje. Mshono wa ubavu ulikuwa umefumuka kutoka pindo mpaka kwapani, na pembeni yake kitambaa kilikuwa kimevutika, kimefanya matumbo manne yaliyopangana, kama mtu aliyeacha ngumi humo. "Nimenaswa na msumari wa geti," aliyeileta alisema. "Nishonee upesi, dada." Fundi alijua siku ile ile kwamba ni uongo, kwa sababu msumari hutoboa na kukwaruza, haufumui mshono. Alifikiri kuna msichana kamvuta. Alicheka peke yake, akapiga mishono miwili, akaisahau.

"Jezi namba tisa," alisema.

Sumaku alinyanyua kichwa haraka mno, na jibu likawa limeshatoka.

"Ni Radi," Fundi alisema. "Ni kaka yangu."

"Sijasema mimi."

"Hujasema. Nimeshasema mimi, kiapo chako kiko salama. Sasa malizia."

Alimaliza, kwa sauti ya chini, macho yake yakiwa kwenye sakafu. Baada ya mechi, kwenye ujia wa kwenda kubadilisha nguo, Radi alikuwa anamkimbilia mshika kibendera, yule aliyesababisha penalti. Mkononi alikuwa ameng'oa mti wa bendera ya kona. Mshika kibendera alikuwa mbele, mgongo umegeuka, hajui lolote. Sumaku alimfikia Radi nyuma, akakamata alichoweza kukamata.

"Alijichomoa mara moja. Nikasikia kitu kimekatika, kama uzi. Lakini alianguka, mti ukamtoka, na yule bwana akaingia ndani akafunga mlango. Hajui mpaka leo. Tuliomwona tulikuwa wachezaji watatu, na wote tulimwapia Radi kunyamaza."

"Na kwa nini hukwenda hospitali?"

"Daktari wa timu lazima aandike umeumia vipi, na ripoti inakwenda kwa wakubwa wa ligi. Wale wa timu kubwa walikuwa jukwaani siku ile kumwangalia Radi. Akaniomba. Subiri nisaini, siku tatu tu. Zikawa tano. Zikawa kumi. Mimi nilifikiri ni teguko, Fundi, haki ya Mungu. Nilikuwa nafunga kitambaa na kumeza vidonge. Siku niliyogundua kwamba ncha haitaki kukunjika kabisa, alikuwa hajasaini bado."

"Ukasubiri tena."

"Nikasubiri."

"Ukipewa nini?"

Hapo mwashi wa vibanio alitoka chumbani, akawapita, akarudi kuchukua kofia ambayo hakuwa ameisahau.

"Ukipewa nini, Sumaku?"

"Alisema siku nikija kwa Mama, neno lake litakuwa ndiyo."

Kumbe ile jioni ya mezani aliyoifurahia mpaka akakosa usingizi, ilikuwa imenunuliwa kwa kidole.

"Na Jumatano," Sumaku aliendelea, kwa kuwa alikuwa ameshaanza, "huwa nakwenda kwenye geti la uwanja wao wa mazoezi. Wanatoka saa tano. Namkumbusha neno lake. Mara ananiambia ngoja, mara ananiambia Mama hayuko vizuri. Jumatano iliyopita akaniambia golikipa wa mkono mmoja atamlisha nini dada yake. Nilitaka nimpige. Nikakumbuka mkono."

"Kwa hiyo mlikaa wawili mkanikata," Fundi alisema. "Mkanikata bila hata kunipima. Huyu anauza, huyu ananunua, na mimi niko ndani natia vifungo kwenye sare za watoto wa watu."

"Sikukununua. Nilikupenda, nikaona mlango uko hapo."

"Mlango ni mimi. Kaka yangu ni dirisha."

Akatoa simu kwenye mkoba, akampigia Radi, akaweka spika. Sumaku alinyoosha mkono mzima kumzuia, akaona macho yake, akaurudisha.

"Dada, vipi?" sauti ya Radi ilitoka, na kelele za wenzake nyuma.

"Salama. Nina swali dogo. Ile jezi uliyoniletea siku ya mechi, ulisema imenaswa na nini?"

"Jezi ipi? Aah. Msumari, si nilikwambia? Wa geti."

"Msumari ulikuwa na vidole vingapi?"

Kelele za nyuma zilipungua. Radi alikuwa ametembea akaenda mbali na watu. "Huyo mjinga amekwambia."

"Jezi imeniambia. Yeye bado anakulinda, yuko hapa pembeni yangu ameuma midomo. Ncha ya kidole haikunjiki, Kaka. Nimeiona leo kwa macho yangu. Wewe ulikuwa unaijua?"

"Sasa mimi ningefanyaje? Wangenifungia mwaka mzima. Ningekosa kila kitu."

"Mwenzako kidole kimeshamfungia. Na ukakaa mezani kwa Mama ukakifanyia mzaha."

"Dada, nisikilize. Nilikuwa natania."

"Baba angekuwa hai angecheka?"

Fundi alimsikia anapumua. Alimpenda kaka yake, na ndiyo maana ilimuuma hivyo. Kikulacho ki nguoni mwako, na hii nguo alikuwa ameishona mwenyewe.

"Jumapili utakuja nyumbani," alisema. "Utakaa mbele ya Mama, utamweleza mwenyewe. Sitaki kwenda kwa wakubwa wa ligi, hayo ni yako na Mungu wako. Lakini Mama atajua mkono huu uliumia wapi. Usipomweleza, nitamweleza mimi, na mimi sijui kupunguza."

"Na nikisema bado simtaki?"

"Utasema, tutakusikia. Ila neno la baba hutalisema tena. Hilo umeliuza."

Akakata. Akairudisha simu mkobani. Korido ilikuwa imetulia. Ndani, Bi Vidole alikuwa anamwita mgonjwa mwingine kwa jina la kidole chake.

Sumaku hakuthubutu kusogea. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa benchi, mrefu, mabega yamemwanguka, na shati lake la Jumanne limejaa jasho la kujaribu kukunja ncha moja. Fundi alimtazama akaona kwamba bado anampenda, na hilo likamuongezea hasira. Na shaka ilikuwa bado ipo. Ilikuwa imeshaacha gauni la zambarau, imeacha shingo ndefu ya Bi Vidole, imehamia mahali pagumu zaidi.

"Nina swali la mwisho," alisema. "Lijibu kama lilivyo. Kaka angelishika neno lake, tukaoana, tukakaa miaka kumi. Ungekuja kuniambia?"

Aliona jibu zuri likimpita usoni. Alilijua, hata yeye angeweza kumwandikia: ningekuambia, mpenzi wangu, nilikuwa natafuta tu siku. Mwanamume akiwa na akili kidogo tu, hapo ndipo angejiokoa.

Sumaku akamgeukia, akamtazama.

"Hapana," alisema. "Ningekufa nalo."

Ilimuuma Fundi kuliko yote ya asubuhi ile. Machozi yalimjia, akayaacha yatoke. Lakini Sumaku angesema ndiyo, Fundi angenyanyuka pale pale asirudi tena maishani mwake, kwa sababu angejua wembe bado uko mfukoni. Hakunyanyuka. Alikaa, akajifuta kwa ukingo wa mtandio, na kwa mara ya kwanza tangu ile kadi, hakuwa na siku ya kuhesabu.

"Umenichukia," Sumaku alisema.

"Leo, ndiyo."

"Na Jumapili?"

"Jumapili njoo saa nane mchana. Kaka akimaliza kusema, wewe utaomba radhi kwa Mama, halafu kwangu."

"Halafu nimwombe Radi tena?"

"Umemwomba Radi Jumatano ngapi?"

"Tatu."

"Na Mama?"

"Mara moja. Pamoja na shangazi yako."

"Na mimi umeniomba mara ngapi?"

Sumaku alitaka kujibu haraka, kisha akakwama katikati ya kutaka. Alifikiri. Uso ukamshuka taratibu, kama mtu anayepekua mifuko yake yote mlangoni na kukuta funguo hakuzichukua kabisa. Alimgeukia, akapiga goti moja kwenye sakafu ya korido mbele ya wagonjwa wanne na mfagiaji, mkono mbovu ameushikilia kifuani, na akaanza, "Fundi, naomba..."

"Nyamaza," Fundi alisema, akimfunika mdomo kwa kiganja. "Usiniulize leo. Leo nina hasira, nitasema hapana, na sitaki kusema hapana."